Goti la Anayeshika Mpira

Mbotela, Jumamosi jioni

Mwanangu Njoroge,

Nimekasirika. Afadhali ulijue hilo mapema, usije ukadhani hii ni ile barua ya kuagana ambayo mtu huisoma huku akitabasamu. Niko jikoni kwa Mama Mutua, nimekalia kigogo ambacho Baba Mutua hajaamua kama atakichonga kifaru au kiboko. Kupitia ukutani nawasikia wageni wako wakiimba wimbo wa kufunga, halafu mwingine wa kufunga. Shemeji yako amekuja mlangoni akaniambia, "Wangari, watu wanauliza chai." Nikamwambia chai iko kwenye chupa. Ameiona kalamu, akanitazama kidogo, akarudi zake. Nadhani yeye ameelewa. Wewe ndiye hujaelewa.

Sitakuandikia habari ya sweta, wala ya kuficha pasipoti, wala ya kuomba kabla ya kula. Hayo umekwisha kuambiwa leo na watu ambao hawajawahi kupanda ndege, na umewaitikia vizuri sana. Nataka tuzungumze juu ya pale nilipoweka birika chini nikatoka.

Tata Nyambura, shangazi yako, aliuliza swali la kawaida kabisa. Alikuwa ametoka Murang'a alfajiri na kikapu chake, amekaa mlangoni akila polepole. Mtu asiyetujua angedhani mzee amechanganyikiwa aliposema, "Na mama yake yuko wapi? Mtoto anavuka bahari bila kutemewa mate ya baraka kifuani na mama?" Maana mama yako alikufa wewe hujajua hata kusema sawasawa. Lakini kila mtu wa ukoo aliyekuwa mle ndani aligeuka akanitazama mimi, binti wa kaka yako na shemeji yako, wa kidato cha nne, nimeshika birika. Kwa sababu nilipozaliwa mwaka uliofuata nilipewa jina lake. Wangari amerudi, walisema. Wakakubeba wewe, kitoto cha miaka mitatu, ukaletwa kumwona mama yako amefungwa kwenye shali. Hujawahi kuniita kwa jina langu tangu siku hiyo, ni mama au mathe tu.

Ukajibu nini? Nakumbuka neno kwa neno.

"Aa, Tata, hiyo ya mate tuwaachie watu wa zamani. Huyu ni mtoto wa shule tu. Na pasta ameshaomba."

Watu wakacheka. Rafiki yako Mutua akapaza sauti kutoka dirishani, "Mathe amefutwa kazi!" Wakacheka zaidi. Pasta aliangalia soda yake. Wewe ulicheka pia, kile kicheko chako cha pembeni, cha mtu anayetaka marafiki waone kwamba amekwisha kuwa wa huko.

Kitu usichokijua ni kwamba nilikuwa nimejiandaa. Mimi, ambaye mwalimu akinitaja darasani nasahau hata swali lilikuwa la somo gani, nilikuwa nimeyapanga maneno ya baraka wiki nzima. Nimeyasema bombani nikikinga maji, nimeyasema nikipiga pasi shati lako. Nilijua Tata atauliza. Nilikuwa tayari kusimama mbele ya nyumba nzima. Mara moja tu maishani, Njoroge, nilikuwa tayari, na wewe ukaniambia nikae.

Kinachoniuma si hilo la kuitwa mtoto wa shule. Mimi ni mtoto wa shule, sare yangu iko kwenye kamba. Kinachoniuma ni kwamba umama huu ulikuwa mzuri siku zote ulipokufaa. Unakumbuka mambo ya chapati?

"Mathe, mama gani anakula chapati ya mwisho mtoto akimwangalia?"

"Mama aliyeshinda njaa."

"Mama wa kweli hashindi njaa. Anasema ameshiba."

Na mimi, mjinga, nilikuwa nasema nimeshiba! Nilikuwa darasa la nne. Wewe una mabega ya mtu mzima, mimi nina meno hayajamaliza kuota, na nasukuma sahani. Ulipovunja kioo cha duka la Kariuki kwa lile shuti lako la kushoto ulimwambia "mama yangu atakuja kuongea na wewe," halafu ukanituma mimi. Nilisimama mbele ya kaunta nimeshika sketi, nisiweze kutoa sauti, mpaka Kariuki mwenyewe akanihurumia akanipa peremende. Nilipokwambia kwamba sikusema kitu ulisema, "Lakini ulienda. Mama anaenda." Nililiweka hilo neno. Nimeishi nalo.

Na huo mpira unaokupeleka Marekani, ni nani aliyekuwepo? Siku ile tulipocheza na watu wa Ziwani, ukapewa ile faulo karibu kabisa na goli, ukapiga mpira juu, juu kabisa ya mwamba, ukapotelea nyuma ya kanisa. Uwanja mzima ukakuzomea. "Anapigia ndege huyo!" Mutua alijifunika uso kwa jezi. Mtu mmoja tu ndiye aliyepiga makofi, yule Mmarekani aliyekuwa akifundisha hesabu, tuliyemwita Mwalimu Mrefu, na watu wakamgeukia wakidhani anakukejeli. Alikuja mpaka pale tulipokaa, akaniuliza mimi kwa Kiingereza, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa karibu, kama yule kijana anaweza kuupiga hivyo tena. Nikajibu kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia, "He always does. That is his problem." Kwamba hupiga hivyo siku zote, na hilo ndilo tatizo lake. Alicheka mpaka akakaa chini. Akasema kwao kuna mchezo, futiboli ya Kimarekani, ambao hilo ndilo linalotakiwa, kuupitisha juu ya mwamba katikati ya nguzo, na mtu anayeweza hilo analipiwa chuo.

Tulidhani ni utani mpaka kile kifurushi alichotuagizia kilipokuja. Kabla hakijaja mlikuwa mmekosa subira, mkampa Baba Mutua picha ya ule mpira uliokaa kama yai lililochongoka ncha mbili, akawachongea mmoja kwa mjakaranda, mzuri, umepigwa msasa, hata mshono ameuchora. Ukaupiga mara moja. Ulichechemea mpaka Krismasi. Mama Mutua anao mpaka leo, uko hapa juu ya kabati, anazuilia mlango nao jua likiwa kali.

Kifurushi kilikuwa na mpira wa kweli na kitabu cha sheria. Kitabu ukakitupa kitandani kwangu. "Mathe, hicho kisome, halafu uniambie kwa lugha ya watu." Nikakisoma, mimi ambaye nilikuwa na mtihani wangu. Nilijifunza vitu ambavyo msichana wa Mbotela hana pa kuvipeleka. Kwamba mpigaji akiwa na mguu hewani haruhusiwi kuvamiwa. Kwamba anayesubiri mpira ulioko juu akiinua mkono, hakuna wa kumgusa, lakini naye hawezi kukimbia nao. Kwamba marefa wawili husimama chini ya nguzo na mpira ukipita huinua mikono yote miwili, na hapo kila mtu anajua ni pointi tatu. Kwamba anayebeba mpira akigusa chini kwa goti, mchezo umekufa hapo hapo, hata kama ameteleza mwenyewe hakuna aliyemsukuma. Mtu mmoja tu ndiye anayeruhusiwa kupiga goti na mchezo ukaendelea, yule anayemshikia mpigaji mpira. Goti lake haliui kitu, kwa sababu nyuma yake kuna mtu anakuja.

Ukauliza, "Na huyo anayeshika ni nani?"

Nikakwambia ni mchezaji yeyote anayeaminika.

Ukasema, "Basi si ni wewe."

Nguzo zetu zilikuwa zile za kamba za nguo nyuma ya nyumba. Shemeji yako alisimama pale na karai akasema, "Mpira huo ukigusa shuka zangu, nyinyi wawili mtalala bila shuka." Mimi nikapiga goti kwenye vumbi, nikausimamisha mpira kwa kidole, na wewe ukarudi nyuma. Mtaa ukaja kutazama. "Mama amepiga goti, mtoto anapiga teke! Dunia imekwisha!" Mimi ambaye hupita nyuma ya maduka ili nisisalimiane na watu, nilipigiwa kelele kila jioni, na nilikuja. Sikuwahi kukwambia ilinigharimu nini kuja. Ulidhani napenda.

Halafu ile siku ya kamera. Unaijua, lakini wacha niiseme kwa upande wangu. Mwalimu Mrefu alikuja kupiga video ya kutuma chuoni. Watu walipanda mpaka juu ya ukuta. Nilipiga goti, nikausimamisha mpira, na nikasikia hatua zako zikija, na kwa mara ya kwanza nikainua macho. Niliona kiatu. Niliona na watu wote ukutani, wote wananitazama mimi. Nikaondoa kidole. Mpira ukaanguka ubavu, mguu wako ukapiga hewa, ukaenda chini kwa mgongo puu! Kicheko kilichotoka pale nadhani kilisikika Jogoo Road. Mwalimu Mrefu akashusha kamera.

Nilitaka ardhi inimeze. Wewe ukainuka, ukajipangusa, ukawaambia watu kwa sauti, "Ni upepo! Hamuoni upepo?" Nguo kwenye kamba zilikuwa zimetulia kama picha. Halafu ukainama kwangu kama unayepima mpira, ukaninong'oneza, "Usiangalie mguu. Mguu ni kazi yangu. Wewe angalia mpira."

Niliangalia mpira. Ulipita juu ya kamba, na uliofuata ukapita, na mwingine, mpaka Mwalimu Mrefu akasahau kwamba yeye ndiye mpiga picha akainua mikono yote miwili kama refa, na video ikaonyesha mawingu. Hiyo ndiyo video iliyokupatia nafasi.

Nimelifikiria sana lile kosa langu. Nilidhani niliogopa kuumizwa. Hapana, hujawahi kuniumiza hata kidole. Niliogopa kutazamwa nikiwa nimepiga goti. Nikaacha kazi yangu ndogo, ile moja tu niliyopewa, kwa sababu ya macho ya watu waliokalia ukuta, ambao jioni ilipofika walikwenda makwao kula. Hilo ndilo jambo pekee ninalolijua duniani kwa uhakika, nami nalijua kwa sababu nililiharibu mbele ya kamera.

Sasa angalia leo. Tata ameuliza, watu wamegeuka, marafiki zako wako dirishani. Kazi yako ilikuwa ndogo. Ungepiga goti mbele yangu kwa muda wa kuhesabu tano, basi. Lakini ukainua macho ukawaona wa ukutani. Leo wewe ndiye uliyeondoa kidole, Njoroge. Nami ndiye niliyekwenda chini kwa mgongo, na birika mkononi, na hakuna aliyewaambia watu ni upepo.

Nilipofika hapa nilikuwa na mpango. Nilale kwa Mama Mutua. Gari la pasta lije asubuhi, lipige honi, wewe uulize "mathe yuko wapi," uambiwe hajulikani, upande ndege ukiwa na swali hilo tumboni. Niliona ni adhabu ya haki. Hata Mama Mutua alipouliza nina nini, nikamweleza, alisema, "Mwache aende hivyo hivyo. Akifika huko baridi itamfundisha mama ni nani." Akaendelea kuchambua maharagwe. Nilifurahi kusikia hivyo. Nilifurahi vibaya sana.

Halafu nikakumbuka ile sheria iliyotuvunjia mchezo. Ile jioni mlipojaribu kucheza wote kwa sheria za kitabu, mimi nikawa refa na kitambaa cha njano cha shemeji yako cha kujifunga kichwani. Ulimshika Mutua shati kabla hajaupokea mpira, nikatupa kitambaa chini, ishara ya kosa. Lakini Mutua alikuwa amechomoka hata hivyo, amefika mpaka kwenye mtaro na mpira. Nikamwambia Mutua, kitabu kinasema wewe uliyekosewa ndiye unayechagua. Uchukue adhabu mrudie, au uikatae ubaki hapo ulipofika.

"Eti nichague?" akasema. "Refa si ni wewe? Kwani mimi ni hakimu?"

"Wewe ndiye uliyekosewa."

"Basi nataka vyote! Nataka adhabu na nataka mtaro!"

Mkagombana mpaka giza likaingia, na hamkucheza tena kwa kitabu. Lakini mimi ile sheria niliibeba. Kwetu hapa aliyekosewa haulizwi. Anasemewa na wakubwa, au ananyamaza. Mimi nimekuwa nikinyamaza, unanijua. Na mahali fulani mbali kuna mchezo wa watu kugongana vichwa, ambao katikati ya kugongana refa anasimama, anamwendea kapteni wa waliokosewa, anamuuliza, unataka nini?

Mwanzoni nilidhani anayekataa adhabu ni mtu wa roho nzuri. Nilisoma tena. Haihusu roho. Anaikataa kwa sababu akipiga hesabu anaona alipokwisha kufika ni mbele kuliko pale adhabu itakapomfikisha. Na ukichukua adhabu, mnafuta kila kitu kilichotokea, mnarudi mlipoanzia.

Sitaki kurudi tulipoanzia. Sitaki kufuta ile "mama anaenda," wala ule upepo wako wa uongo. Mtu aliyeinuka kwenye vumbi mbele ya kamera, na nafasi yake ya chuo mkononi mwangu, akanifichia kosa kabla hajapangusa mgongo wake mwenyewe, huyo ninaye tayari. Nikilala hapa, kesho nitabaki na asubuhi moja ya kukukomesha. Ni kidogo mno.

Basi nakataa adhabu. Lakini usisahau kwamba kitambaa nilikitupa. Ulinikosea, na watu wote waliona.

Neno moja tu la huko unakokwenda. Kutakuwa na kijana atakayepiga goti kukushikia mpira. Jina lake halitaandikwa popote. Watakubeba wewe mabegani, na yeye atakuwa anajipangusa goti peke yake. Mjue jina lake. Mwulize anaogopa nini. Siku atakapoondoa kidole, na ipo siku ataondoa, jua la kusema. Unalijua tayari, ulilisema ukiwa huna mtu wa kukufundisha, na kama ni mama yako wa kaburini aliyekufundisha, basi mimi nimebeba jina la mtu mkubwa sana na naelewa kwa nini linaniwia zito.

Asubuhi ukifungua sanduku uone mpira haumo, usipige kelele, usimlaumu Mutua. Ninao mimi, shemeji yako amerudi akaniletea. Nitakuwa kwenye nguzo za kamba nimepiga goti, na sare yangu ya shule, watu watazame wanavyotaka. Honi ya gari iache ilie. Njoo upige mmoja. Usitarajie nitasema kitu, unajua sitaweza. Maneno niliyoyapanga ni haya, nayaandika kwa sababu mkono wangu hauna haya kama mdomo wangu:

Mimi Wangari niliyekuzaa kabla sijazaliwa nakutuma. Mguu wako usipotee njia. Ukianguka, ardhi ikurudishe. Watakapokuzomea kwa sababu umepiga juu, awepo hata mmoja wa kupiga makofi. Na uje nyumbani ukiwa bado unajua kunidai chapati.

Shemeji yako atakupa barua hii usiku huu, na ukiisha kuisoma ameniahidi kuishona ndani ya koti lako, kushoto. Utaona hapa chini wino umetapakaa. Ukimwonyesha mtu usimwambie mama alilia, maana sijalia, nina hasira bado. Ni mate. Upande huo ndio uguse kifua.

Mama yako,
Wangari